Jina la Mwisho Kabla ya Mwimbaji

Tulimwita Mtangazaji hata katika miaka ambayo hakuwa na redio ya kutangazia. Alikuwa akifanya kazi ya vyuma katika karakana moja ya Tyseley, hapa Birmingham, ovaroli imejaa grisi, na bado watu wa Small Heath wakimwona anashuka basi pale Coventry Road husema, yule, Mtangazaji karudi. Jina alikuja nalo kutoka Kenya, ambako mwishoni mwa miaka ya sabini aliendesha kipindi cha muziki wa roki, na wenzake waliomjua huko walihakikisha halimtoki. Nilipohamia nyumba iliyoshikana na yake nilimkuta nalo, nikalitumia. Mbele yake nilimwita Mzee. Yeye aliniita Mama Tanga, kwa kuwa nimetoka Tanga, na kwa kuwa watu wa Mombasa hupenda kumkumbusha mtu kwamba hakutoka Mombasa.

Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba, na muziki wake niliusikia kabla sijaiona sura yake. Nasema mapema kwamba sikuupenda. Mimi nimelelewa kwa taarabu, na gitaa zile kwangu zilikuwa watu wanaogombana. Jumapili yangu ya kwanza nilivumilia, ya pili nikaupiga ukuta kwa mpini wa fagio. Baada ya muda mfupi akaja mlangoni mwanamke mfupi aliyejifunga leso, mkononi sahani ya mahamri imefunikwa kitambaa.

"Pole jirani," akaniambia. "Huyu mume wangu ana albamu moja tu duniani."

Huyo ndiye Bi Rukia. Nilimpenda kabla sijala hamri la kwanza, na nilipolila nikampenda zaidi. Fagio halikurudi ukutani tena.

Haikuwa kweli kwamba alikuwa na albamu moja. Alikuwa nazo kabati zima, ila moja ndiyo iliyokuwa na mahali pake peke yake, juu ya rafu, mbali na dirisha na mbali na mikono ya watu. Ilikuwa santuri ya kwanza ya vijana watano wa Kimarekani ambao baadaye walitoa nyingine kadhaa, na hizo nyingine zote Mtangazaji alizidharau. Jalada lilikuwa na picha ya kituo cha petroli jangwani, taa moja inawaka, gari hakuna. Ilimfikia studioni ndani ya sanduku pamoja na santuri nyingine za mwezi ule, naye alikuwa mgeni kazini, hajapata hata kiti cha kusema ni chake.

Alivyonisimulia, zama zile roki ilikuwa imegawanyika kama familia iliyogombania shamba. Kulikuwa na wazito, wanaopiga gitaa mpaka vioo vya madirisha vitetemeke. Kulikuwa na vijana wa London waliojichoma pini mashavuni, waliosema kwamba kupiga gitaa si lazima kujua kulipiga. Kulikuwa na disko, ambayo wote hao waliitukana mchana na kuicheza jioni. Albamu ile ikaja ikakaa katikati. Gitaa zake zilikuwa nzito lakini safi, sauti za waimbaji zimepangwa tabaka juu ya tabaka, kila wimbo una pa kuimbia pamoja, na hakuna hata mmoja ambao ungemfanya mzazi anyanyuke kwenda kuzima redio. Vituo vikaipiga asubuhi, vikaipiga jioni. Wachambuzi wa huko Ulaya na Marekani wakaiponda. Walisema ni bidhaa, imetengenezwa ili redio ipate kuuza sabuni kati ya wimbo na wimbo.

Neno hilo la bidhaa lilimkera miaka yote niliyomjua. Ungeweza kumwita mpishi mbaya, ungeweza hata kumwita bahili, akacheka. Ukisema muziki wa redio ni muziki wa bei rahisi, chai yako ingepoa ukimsikiliza.

"Hao wachambuzi walikuwa na santuri zao majumbani, kila mtu na chumba chake," alikuwa akisema. "Sisi tulikuwa na redio moja, ya baba, ya mama, ya watoto na ya jirani. Muziki wa redio sharti ujue kukaa na watu."

Alikuwa na Mwingereza mmoja aliyefanya naye kazi Tyseley, mtu wa Birmingham hasa, na Birmingham kama mnavyojua ni mji wa gitaa zito. Walipostaafu wote wawili, yule Mwingereza alizoea kuja kunywa chai, na kila mara waligombana juu ya albamu ile ile. Mwingereza alidai kwamba ni muziki wa kumngojea daktari wa meno. Mtangazaji akamuuliza kama amewahi kumwona mtu anamngojea daktari wa meno bila kutamani kitu kizuri masikioni. Mzozo wao ulikuwa wa kirafiki, lakini Mwingereza akishaondoka Mtangazaji alibaki ananung'unika jikoni, na Bi Rukia alimwambia aache, watu wa hapa wamelelewa na makelele ya mashine, hawana makosa.

Kuhusu kwa nini ile ya kwanza iwe bora kuliko zilizofuata, alikuwa na maelezo ambayo mimi mpishi wa shule niliyaelewa vizuri. Ya kwanza, alisema, waliipika kwa chakula walichokilima tangu utotoni. Ya pili walikwenda dukani.

Tabia zake nyingine zilipingana kiasi cha kuchosha. Alikuwa mkono wa birika kwa umeme, anazima taa ukiwa bado unasoma, lakini aliwahi kumvulia koti lake kijana wa Kisomali kituo cha basi akarudi nyumbani anatetemeka. Aliswali swala zake zote, na muuza duka mmoja Mzanzibari alipomwambia kwamba muziki ule ni wa mashetani, alijibu kwamba basi mashetani wana masikio mazuri, kisha akamuuliza bei ya tende. Alijisifu kwamba hajawahi kumkatiza mtu akisema, na hakuna aliyewahi kumaliza hadithi mbele yake.

Ila palikuwa na mmoja ambaye hakumkatiza kamwe, naye ni mwimbaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake, na nadhani ndiyo dini yake ya pili. Mtangazaji wa redio, alisema, amepewa mwanzo wa wimbo, kabla maneno hayajaingia. Hapo ni pake, aseme atakacho. Lakini mwimbaji akifungua mdomo, wewe funga wako. Msemo huu ulitoka nyumbani kwake ukaenea Small Heath. Katika vikao vya harusi, mtu akidakia maneno ya mwenzake, aliambiwa mwimbaji kafungua mdomo.

Alipofika Birmingham, miaka ya themanini ikianza, karakana ilikuwa na redio imening'inizwa kwenye nguzo. Wiki yake ya kwanza wimbo wa ile albamu ukapigwa, ule wa kwanza wa upande wa pili. Akasimama na chuma mkononi. Mtangazaji wa Kiingereza akaanza kueleza habari za foleni ya magari juu ya mwanzo wa wimbo, akaendelea, akaendelea, mpaka mwimbaji akaingia na yeye bado yuko kwenye magari. Jioni ile alimwambia mkewe kwamba nchi hii ni tajiri lakini haina adabu.

Wimbo huo wa kwanza wa upande wa pili ndio wenye habari hii yote, kwa hiyo bora niueleze. Unaanza kwa kinanda peke yake, polepole. Halafu linaingia gitaa moja, halafu la pili linalirudia la kwanza kwa juu, halafu ngoma, halafu vyote vinasubiri kidogo, kisha ndipo mwimbaji anaanza. Ni mwanzo mrefu. Kwa mtangazaji wa Afrika Mashariki wa zama zile, ulikuwa neema, kwa sababu alikuwa na salamu za kusoma. Wasikilizaji walituma kadi, kila kadi ina majina ya watu wa kusalimiwa, mjomba yuko Nakuru, shangazi yuko Lamu, na yote hayo yalisomwa juu ya muziki. Mtangazaji alijua kuyagawa: kinanda ni cha wazee, gitaa ni la marafiki, na ngoma ikianza limebaki jina moja. Hilo la mwisho, lililotajwa pale vyombo vinaposubiri, ndilo lililokuwa la mpenzi. Wasikilizaji wote walijua hivyo. Mtu aliyetajwa mwisho alitembea siku nzima akiwa na furaha.

Siku moja ikaja kadi kutoka Mombasa isiyokuwa na jina hata moja la kusalimiwa. Aliyeiandika alisema hana wa kumsalimu. Anachotaka ni kwamba mtangazaji auache mwanzo wa wimbo ule, asiseme juu yake, watu wausikie, maana ni mzuri na yeye anauharibu kila wiki. Mtangazaji alikuwa kijana na hakuwa na adabu. Wiki iliyofuata alisoma salamu za watu wote juu ya mwanzo ule ule, na ngoma ilipoanza akasema, na mwisho kwa kutajwa lakini si kwa umuhimu, kwa Rukia wa Mombasa. Mwimbaji akaingia.

Alidai kwamba Bi Rukia alisafiri mpaka Nairobi kuja kumtafuta. Bi Rukia alidai kwamba alikwenda Nairobi kwa shughuli zake na akapitia studioni kumgombeza tu. Nimesikia habari hiyo mara nyingi, nao hawakuwahi kukubaliana. Nilichoona ni kwamba mwanamke aliyekwenda kugombeza alimpikia huyo mwanamume maisha yake yote, na hakuacha kumgombeza.

Nilikuwa nimeshakaa pale miaka kadhaa ndipo ikaja redio ya mtaa. Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Coventry Road, unapanda ngazi nyembamba yenye harufu ya ubani. Jumamosi mchana baada ya Wasomali na kabla ya habari za Kiurdu, walitupa Waswahili saa yetu, na nani aiendeshe kama si yeye. Bi Rukia alinisukuma niende kupokea simu, akisema mumewe hawezi kusema na watu wawili kwa wakati mmoja. Basi nikawa naketi kona ya studio na simu sikioni. Wakenya walitaka benga, Wazanzibari taarabu, Wakongomani nyimbo za kanisa, na Mtangazaji aliwapa wote haki yao. Wimbo wa mwisho wa kila Jumamosi ulikuwa ule ule, wa albamu ya kituo cha petroli jangwani. Mkubwa wa redio alimuuliza mara moja roki ya Wamarekani inahusiana nini na Waswahili. Mtangazaji akamwambia anyamaze, asikilize majina.

Yalikuwa majina hasa. Meseji zilianza kuingia saa ikikaribia kwisha, kutoka Hodge Hill, Tyseley, Small Heath, mama fulani anawasalimu wa kanisani, baba fulani anamsalimu mwanawe aliye jeshini. Kinanda, wazee. Gitaa, marafiki. Ngoma ilipoanza aliinua kidole cha shahada, nami nilijua nisimpe karatasi tena. Kwa Rukia, alisema, kila Jumamosi, na kule nyumbani Bi Rukia, mikono imejaa unga, aliijibu redio kwa tusi dogo la mapenzi. Hilo nililisikia mwenyewe siku niliyobaki nyumbani kwa mafua.

Walikuwa na mtoto mmoja, Swabra, aliyezaliwa hapa hapa Birmingham na kuolewa Hodge Hill. Kama watoto wengi wa hapa, Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alifanana na baba kwa ubishi na mama kwa kila kitu kingine. Baba alimpenda mpaka akawa mjinga.

Bi Rukia aliugua wakati wa baridi. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, na mara ya pili madaktari walianza kusema na familia kwa sauti ya chini. Mtangazaji alitaka kuacha kipindi. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema kama hatasikia kipindi atajua amekwisha kufa, akamtuma Swabra amletee redio ndogo na kuiweka karibu na dirisha la wodi, ambako mawimbi yalifika.

Jumamosi ile simu haikupoa. Habari zilikuwa zimeenea, na kila Mswahili wa Birmingham alitaka kumpa pole na dua mgonjwa wetu. Akina mama wa Kikongomani waliniambia wanamwombea, watajwe wote, kila mmoja kwa jina. Wazanzibari wakapiga. Muuza duka wa mashetani akapiga. Yule Mwingereza wa Tyseley, asiyejua neno la Kiswahili, alituma meseji. Mnajua wenyewe desturi yetu. Dua haitajwi kwa jumla. Ukimtaja aliyemwombea mkeo ukamwacha mwenzake, huyo aliyeachwa atakumbuka mpaka kwenye msiba, na atasema. Mtangazaji alizichukua karatasi zote kutoka kwangu, hakunirudishia hata moja.

Akaweka sindano. Kinanda kikaanza, naye akaanza, sauti nzuri, haitetemeki. Fulani anamwombea mgonjwa wetu. Fulani na familia yake wanamwombea mgonjwa wetu. Mgonjwa hakumtaja kwa jina, alikuwa amemweka mwisho, mahali pake. Gitaa la kwanza likaingia na karatasi bado ni nyingi. La pili likaingia. Ngoma ikaanza na mkononi mwake zilikuwa zimebaki kama tatu, akazisoma haraka, za mwisho kabisa, akaitupa ya mwisho mezani, akainua kidole, akavuta pumzi.

Mwimbaji akafungua mdomo.

Nilimwona. Jina lilikuwa midomoni mwake, na mdomo ulifungwa juu yake. Ingekuwa mimi ningesema, mwimbaji na atukane akitaka. Lakini yule mtu alikuwa ameishi hivyo tangu ujana wake, na mwili wake ulitii kabla moyo haujaulizwa. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho na mlio wa habari za Kiurdu ukaingia juu yake, ndivyo ilivyokuwa kila wiki, kwa mashine, hakuna wa kuizuia. Alivaa koti akaniambia anakwenda kumtajia mwenyewe, ana kwa ana, na kwamba atachekwa. Alipofika hospitali, Swabra alikuwa amesimama nje ya mlango wa wodi.

Tulimzika Bi Rukia haraka kama tunavyozika. Nyumba ilipojaa watu, Swabra alimwendea baba yake mbele yetu sote.

"You said everybody's name, Dad," akasema. "Umetaja mpaka watu wa dukani. Everybody but Mum."

Hakuinua sauti. Tangu hapo Swabra hakuja tena nyumba ile. Sikukuu alipiga simu, fupi. Kutoka Hodge Hill mpaka Small Heath ni safari ya basi tu, lakini ilikuwa mbali kuliko Mombasa.

Yeye aliendelea na kipindi. Watu walishangaa, wengine walisema ana moyo mgumu. Wimbo wa mwisho ulikuwa ule ule, ila salamu alizimaliza mapema, juu ya nyimbo nyingine, na mwanzo wa ule akauacha wazi. Kinanda, gitaa, gitaa, ngoma, na juu yake hakuna neno. Wasikilizaji walipiga simu. Mama mmoja Mkongomani aliniuliza habari za maikrofoni, "Mama, mikro ya Papa imekufa?" Mkubwa wa kituo akasema ukimya kama ule si mzuri redioni. Mimi niliketi kona yangu nikimtazama Mtangazaji akitazama santuri ikizunguka, na nilijua kwamba alikuwa akimpa mkewe kile alichoombwa kwenye kadi ya kwanza, na kwamba hakuwapo wa kukipokea. Nililia mara nyingi ndani ya studio ile, nikisingizia ubani wa dukani.

Mara moja tu aliniambia. Tulikuwa kwenye kituo cha basi, mvua inanyesha, nikamwuliza kama nikaseme na Swabra amsamehe.

"Sitaki anisamehe," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa naye. Nataka kujua kama Rukia alingoja jina. Kama alikuwa amelala hakusikia, basi. Lakini kama alingoja, Mama Tanga, kama alingoja halafu ikaja ile sauti ya yule kijana mwimbaji badala ya yangu..."

Basi likaja, tukapanda, akazungumza na dereva kuhusu mpira mpaka kwetu.

Sikujua la kufanya na maneno yale, kwa hiyo nilikaa nayo. Kipindi kikaisha mwaka uliofuata, kituo chenyewe kilipokosa wa kukiendesha. Kisha moyo wake ukaanza kuchoka, kwanza akashindwa ngazi, halafu msikiti, halafu hata mlango wa mbele. Tulimshushia kitanda chumba cha chini, karibu na rafu ya santuri, na mimi nikawa na ufunguo. Muziki haukupita tena ukutani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeuzoea, na Jumapili zangu zikawa mbaya.

Nilikwenda Hodge Hill. Swabra alinipokea vizuri, akanipa chai, watoto wake wakanisalimia kwa Kiingereza. Nilimweleza hali ya baba yake, akasema anajua, mumewe humwambia. Nikamweleza aliloniambia kwenye kituo cha basi. Alikuwa akikunja nguo za watoto, akaendelea kuikunja moja ile ile, anaikunjua na kuikunja. Nikamwambia simwombi msamaha wa mtu, namwombea baba yake jibu, na jibu analo yeye peke yake. Nilirudi na basi bila kujua kama nimejenga au nimebomoa.

Swabra alikuja Jumamosi mchana. Nilikuwa nampa baba yake uji. Aliketi ukingoni mwa kitanda, hajavua koti, na mzee alimtazama kama mtu anayeogopa kwamba akisema atamfukuza. Nikanyanyuka niondoke, Swabra akanishika mkono nikae.

"Alingoja?" akauliza Mtangazaji.

"She waited, Dad."

Alifumba macho.

"Tulikuwa na zile earphone," Swabra akasema. "Moja kwake, moja kwangu. Alikuwa anahesabu watu, anasema huyu nani, huyu nani. Then the drums came, akanishika mkono. You know how she gets. Halafu yule mtu akaanza kuimba, and I looked at her. I thought she'd cry."

Alipoendelea hakukuwa na Kiingereza hata chembe, na lafudhi iliyotoka mdomoni mwake sikuwahi kuisikia kwake, ilikuwa ya Mombasa, ya leso na mahamri.

"Akacheka. Akasema, 'Leo watu wamemwelemea, maskini. Atanitaja wiki ijayo.'"

Mtangazaji alifumbua macho. Midomo ilikuwa ikitikisika bila sauti, na niliona ni maneno mawili tu anayoyarudia, wiki ijayo, wiki ijayo. Nilitaka kumshika nikashindwa. Baadaye akamwuliza mwanawe kwa nini hakumwambia miaka yote ile. Hakumwuliza kwa ukali.

"Because she wasn't angry," Swabra akasema. "Mimi ndiye nilikuwa na hasira. I wanted her to be angry too. Kama ningekuambia, ningebaki peke yangu nayo."

Akamlalia baba yake kifuani na koti lake lote, akalia kama mtoto mdogo. Yeye akamwekea mkono kichwani. Uji ulipoa mkononi mwangu.

Walipotulia, Mtangazaji alinionyesha rafu kwa kidevu. Katika miaka yote ya ujirani sikuwahi kuruhusiwa kuigusa santuri ile. Niliitoa kwenye kituo chake cha petroli, nikaiweka upande wa pili na kushusha sindano. Kinanda kikaanza, polepole. Akainua kidole cha shahada, nami kwa mazoea nikageuka kutafuta karatasi za majina, nikakumbuka hazipo.

"Kwa Rukia," akasema.

Ngoma ilikuwa bado mbali. Alikuwa amemtaja wa kwanza, kinanda hakijakwenda popote, na baada ya hapo hakuongeza neno. Gitaa likaingia, la pili likaingia juu yake, ngoma zikaanza, vyombo vyote vikasubiri, na sisi watatu tukausikia mwanzo ule wote, mtupu, kama alivyouomba Rukia kwenye kadi yake ya kwanza. Swabra alikuwa ameushika ule mkono wa baba yake wenye kidole kilichoinuliwa. Mwimbaji alipofungua mdomo, Mtangazaji alikuwa amekwisha kuufunga wake.